Watu sita wasichague igizo la watu ishirini

Daftari la mahudhurio lina majina 14. Jumamosi ya mazoezi wanafika watu sita: mama ntilie, dereva wa bodaboda, mwalimu mstaafu, fundi cherehani, kijana anayesubiri ajira na msichana wa kidato cha tatu. Kikundi hiki ni cha mfano, lakini anayeishi Mwembesongo, Mji Mpya au Kihonda hatapata shida kukijua. Kila mtaa wa Morogoro Mjini umewahi kuwa nacho au utakuja kuwa nacho.

Siku ya kwanza wote walikubaliana, kwa makofi, kuonyesha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Sababu yao ilikuwa nzuri. Ni tamthiliya kubwa, iliyotoka mwaka 1969, na inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyofika hadi Kilosa na Mahenge. Wazee wa hapa wana habari zake. Wiki ya tatu bado nafasi hazijajaa. Dereva wa bodaboda ni mwanakijiji asubuhi na askari wa Mjerumani mchana. Watu wanaotakiwa kusimama kama umati ni mtu mmoja na kiti. Wiki ya tano anafika mwalimu peke yake, amekaa na kitabu chake chini ya mwembe.

Kikundi kikivunjika hivi, hasara haiishii kwenye igizo. Mama ntilie alikuwa amemwachia mdogo wake jiko kila Jumamosi na kupoteza wateja. Mwenyekiti wa mtaa alitoa uwanja, na mara nyingine atasita. Msichana wa kidato cha tatu alipewa ruhusa na baba yake kwa masharti mawili: awe nyumbani kabla ya giza, na asicheze jambo la kuiaibisha familia. Baba huyo sasa ana neno la kusema: "Si nilikwambia ni kupoteza muda tu?" Ruhusa ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Kosa halikuwa uvivu. Lilifanyika siku ya kuchagua. Walipenda kitabu kabla ya kujihesabu.

Kujihesabu kwanza

Hesabu ya kweli ni ya wanaofika, hata siku ya mvua, hata siku ya gulio. Kikundi kiangalie daftari la wiki nne na kuandika majina ya wasiokosa. Wakiwa sita, igizo lao liwe la watu watano.

Huyo mmoja anayebaki ana kazi. Mazoezini anashika kitabu na kumkumbusha aliyesahau maneno. Anajifunza pia nafasi ya mhusika mkuu, kimyakimya, bila kutangaziwa. Mjini hapa msiba ukitokea upande wa ukweni, mtu hupanda gari kwenda Matombo au Mgeta na kukaa siku tatu. Hakuna wa kumlaumu. Mwenye akili huuwekea msiba nafasi tangu mwanzo.

Baada ya hapo ndipo orodha ya wahusika isomwe, na isomwe kwa tahadhari. Kitabu chaweza kuorodhesha wahusika kumi na bado kikachezwa na watu watano, kwa sababu wengine huingia mara moja, husema maneno manne na hawarudi tena. Kitabu kingine kinaorodhesha saba, lakini wote saba wamo ukumbini kwa wakati mmoja wakigombana. Cha kwanza kinawezekana, cha pili hakiwezekani.

Njia rahisi ni kuchora jedwali kwenye karatasi. Majina ya wahusika yawe upande mmoja, maonyesho yapangwe juu, na alama iwekwe pale mhusika anapotokea. Wahusika wawili wasiokutana popote wanaweza kuchezwa na mtu mmoja. Kofia, fimbo na kanga vinatosha kumfanya mtu mmoja awe karani na baadaye mzee wa kijiji, mradi apate dakika mbili za kubadili na abadili pia mwendo na sauti. Watazamaji wa mtaani hawachanganyikiwi. Utotoni wameona bibi mmoja akiwa sungura, fisi na mfalme katika hadithi moja, na hawakuuliza huyu ni nani.

Igizo linaloenea mkekani

Jambo la pili ni mahali. Vikundi vingi vya mtaa havina ukumbi wenye pazia wala taa. Vina uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, darasa lililoazimwa au kivuli cha mwembe. Igizo linalodai sebule ya tajiri, kisha hospitali, kisha baa, kisha kituo cha polisi, litawafanya waigizaji wawe wabeba viti.

Mwaka 1972 mwongozaji wa Uingereza, Peter Brook, alisafiri na waigizaji wake katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Algeria, Niger na Nigeria. Walikuwa wakifika kijijini, wanatandika zulia, na hilo zulia ndilo jukwaa. Waluguru hawakuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa London. Mwali anapotolewa, watu hujipanga duara, na mahali penye ngoma huwa pameshakuwa jukwaa. Mkeka wa ukindu unatosha.

Kipimo kizuri ni hiki: je, mandhari yote ya igizo yanaweza kubebwa na bajaji moja? Benchi, mkeka, ndoo, kanga mbili za kutundika, basi. Mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona wa Afrika Kusini walitengeneza igizo linaloitwa The Island, la wafungwa wawili katika seli moja. Waigizaji wawili, blanketi na vyombo vichache, na igizo hilo likazunguka dunia. Watu wa Morogoro wana sababu ya kulielewa, kwani wakimbizi wa siasa wa nchi hiyo waliishi Mazimbu na kuwa na shule yao hapo kuanzia miaka ya 1970 hadi 1992. Hakuna aliyeliona igizo lile akadai kuonyeshwa gereza lote.

Muda nao ni sehemu ya jukwaa. Onyesho la nje bila taa lina saa zake: lianze baada ya swala ya alasiri, kama saa 10:15, na liishe kabla ya adhana ya magharibi. Likiwa la dakika 60, linabaki na nusu saa ya mazungumzo, na msichana wa kidato cha tatu anafika nyumbani kukiwa bado na mwanga. Ili kujua urefu wa igizo, kikundi kikae kisome kitabu chote kwa sauti, mtu mmoja akiangalia saa. Dakika wanazopata waziongezee robo, kwa ajili ya kutembea, kunyamaza na kusubiri watu wamalize kucheka. Na kwa kuwa masika hushika Machi hadi Mei na vuli huanza mwishoni mwa mwaka, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama kwa onyesho la uwanjani.

Vitabu vilivyo kabatini

Bahati nzuri ni kwamba tamthiliya nyingi za kufaa zimo tayari nyumbani, kwenye begi la mwanafunzi. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba husomwa sekondari, na ni chaguo la kwanza la kupimwa. Karani wa sensa anatumwa kijijini, anazama katika mapenzi na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na mzee akijua anazichoma karatasi za sensa. Wahusika ni wachache na mambo mengi yanatokea nyumbani kwa mzee. Benchi moja na mkoba wa karatasi vinabeba karibu hadithi nzima. Watazamaji nao wanamkumbuka karani aliyebisha hodi kwao katika sensa ya Agosti 2022, ile iliyohesabu watu 61,741,120 nchini. Kicheko kitakuja bila kulazimishwa.

Ugumu wake ni moto. Kiangazi, upepo wa Uluguru ukishuka jioni, kuchoma karatasi katikati ya watoto waliokaa mkekani ni kutafuta balaa. Mzee aondoke na mkoba, atoweke nyuma ya kanga, kisha arudi na majivu kwenye sinia. Kimya kitakachofuata kitasema zaidi ya moto.

Orodha ya Steve Reynolds, inayosomwa pia shuleni, inamhusu Furaha, msichana anayefariki kwa UKIMWI na kuacha orodha ya kusomwa msibani. Kifaa kikuu ni karatasi moja. Ina nguvu kubwa, lakini hadithi hurudi nyuma mara kwa mara na wahusika ni wengi kidogo, hivyo kikundi cha watu watano kitalazimika kuchora lile jedwali kwa uangalifu. Pia msiba ni msiba. Kama mtaa umezika kijana mwezi uliopita, igizo hili lisubiri.

Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, ina hadhi ya pekee hapa, kwa kuwa mwandishi wake ni mzaliwa wa Berega, Kilosa, mkoa huuhuu. Wanawake wa kijiji wanajaribu kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana kinachomvuta nyuma. Kwa upande wa mandhari hakuna rahisi kuliko hiyo: mti mmoja ulioangushwa chini. Lakini wanawake ni wanane, Bi Moja hadi Bi Nane, na kuna msimulizi juu yao. Kikundi cha VICOBA chenye kina mama 12 kitaiweza vizuri sana. Wale sita wa Mwembesongo wataiua.

Mashetani ya Ebrahim Hussein huanza na vijana wawili, Juma na Kitaru, mmoja akicheza shetani na mwingine binadamu. Wengi huvutiwa na mwanzo huo wakadhani igizo lote ni la watu wawili. Si hivyo, na lugha yake ya mafumbo inataka waigizaji waliokomaa. Mwandishi huyohuyo ana Jogoo Kijijini, iliyochapishwa pamoja na Ngao ya Jadi mwaka 1976, ambayo huchezwa na msimulizi mmoja. Mtu mmoja! Inaonekana rahisi hadi pale mtu anaposimama peke yake mbele ya umati, bila mwenzake wa kumwokoa akisahau. Wahusika wachache hawamaanishi kazi chache. Kadiri watu wanavyopungua, ndivyo kila mmoja anavyobeba maneno mengi zaidi ya kukariri, na mwenye kukariri ndiye huyohuyo anayeamka saa 10 alfajiri kuchemsha supu.

Nani atajiona jukwaani?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo vikundi vingi hupita haraka. Mjini Dar es Salaam igizo la mjane aliyenyang'anywa nyumba linaweza kuchezwa mbele ya wageni watupu. Mtaani kila mtu anamjua kila mtu. Kikundi cha mfano kinapokaa kujadili igizo la mirathi, mama ntilie anaweza kusema polepole, "Mwalimu, hii tukiicheza, shemeji yangu atasema nimeitunga mimi." Na mwalimu akamjibu, "Mama, kitabu kimetoka kabla hujaolewa." Wote wawili wana haki. Shemeji hatatazama mwaka wa kitabu. Atatazama nani amesimama mkekani akilia.

Dawa si kukimbia mambo mazito. Igizo lisilomgusa mtu halina sababu ya kumtoa baba wa watu kwenye redio yake. Dawa ni kugawa nafasi kwa busara. Mwenye kesi ya mirathi asicheze mjane. Binti aliyekatishwa masomo kwa mimba asipewe nafasi ya binti mwenye mimba katika Hatia ya Penina Muhando, hata kama yeye ndiye mwigizaji bora, isipokuwa mwenyewe ameomba na wa nyumbani kwake wanajua. Aliyeumia ana haki ya kukataa bila kueleza sababu.

Jingine ni desturi. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, ardhi ya ukoo hupita upande huo, na mjomba ana kauli nzito. Igizo lililoandikwa kwa kufuata mila za upande wa baba, ambamo baba mdogo ndiye anayeamua kila kitu, likiletwa Kilakala au Bigwa, wazee watauliza, "Mjomba yuko wapi?" Swali hilo laweza kulizamisha onyesho, au laweza kuwa ndilo onyesho lenyewe. Morogoro Mjini ina Waluguru, Wakaguru, Wapogoro na watu wa kila kabila, na kuna baba aliyenunua kiwanja Kihonda kwa jasho lake anayetaka watoto wake wakirithi, huku wajomba wakitazama. Kikundi kinachojua swali litakaloulizwa kinaliandalia nusu saa ile ya mazungumzo, na kinamteua mtu mzima, mtulivu, wa kuyaongoza.

Ruhusa si ya kuomba mwishoni

Kubadili baba mdogo kuwa mjomba ni kubadili kazi ya mtu, na kucheza tamthiliya hadharani ni kuitumia mali ya mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi hushangaa kusikia kwamba hata Shakespeare anaweza kuhitaji ruhusa. Yeye alikufa mwaka 1616, lakini Mabepari wa Venisi ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, hivyo tafsiri hiyo inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2049. Barua kwa mchapishaji, na ushauri wa COSOTA, vianze wiki ileile ya kuchagua. Jibu likichelewa au likiwa hapana, ni afadhali lije kabla watu hawajakariri.

Afisa utamaduni wa manispaa naye aonwe mapema, kwa kuwa maonyesho ya jukwaani yana sheria yake tangu mwaka 1976 na vikundi vya sanaa husajiliwa BASATA. Mwenyekiti wa mtaa aambiwe igizo linahusu nini, si tarehe peke yake. Hakuna mwenyekiti anayependa kushtukizwa mbele ya watu wake.

Kitabu kisipopatikana

Ipo njia nyingine, na Watanzania walishaifanya. Mwaka 1982 na 1983 Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza. Hawakubeba tamthiliya iliyokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, likatokea suala la mimba za wanafunzi na vijana wasio na kazi, na igizo likatengenezwa na wenyeji wenyewe kisha likajadiliwa papo hapo. Mwaka 1996 ukaanza mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ambapo wasichana walitumia maigizo kusema yanayowakwamisha masomoni.

Faida yake kwa kikundi kidogo iko wazi. Igizo la kutunga wenyewe lina watu kamili waliopo, halimdai mtu barua ya ruhusa, na hakuna mhusika anayesema maneno asiyoyaelewa. Hatari yake ni moja: bila kitabu, ni rahisi mno kuiweka nyumba ya jirani jukwaani. Majina, kazi na mtaa vibadilishwe, na visa vitatu vichanganywe kuwa kimoja, hadi asiwepo mtu anayeweza kusema, "Huyu ni mimi," ingawa wengi wataondoka wakisema, "Haya ni yetu."

Siku ya kuchagua

Kikundi cha mfano kikianza upya, kitafanya hivi. Vitabu vitatu vitaletwa, si kimoja. Kila kimoja kitasomwa kwa sauti jioni nzima, na kila mtu atabadilishana nafasi ili isionekane tangu mwanzo kwamba mkubwa amepangiwa fulani. Jedwali litachorwa. Bajaji itapakiwa kwa mawazo. Mama ntilie atasema la shemeji yake na litasikilizwa. Kura itapigwa mwishoni, na kila mmoja atajua anachokipigia.

Pengine itashinda Ngoswe, yenye mkoba na sinia la majivu. Msichana wa kidato cha tatu atakwenda nacho nyumbani kitabu, ampe baba yake akisome kwanza, kabla ya mtu mwingine hajamweleza kinahusu nini. Baba atakuwa na maswali, na ni bora ayaulize mezani kwake kuliko uwanjani. Siku ya onyesho awekewe nafasi ya mbele, mkekani, karibu na mzee wa mtaa. Saa 11:45 jioni bado kutakuwa na jua juu ya Uluguru, na wawili hao watatembea pamoja kurudi nyumbani.